Programu ni ya bure, lakini mwenye kuitengeneza si mtumishi wako

Katika sekretaria, siber, ofisi za mashirika na studio za radio za kwetu, kuna programu zinazotumika kila siku bila mtu kulipa hata franka moja. Siku programu hiyo inabloka, wengine wanakasirika na kuandikia maneno makali watu wasiowajua. Makala hii inaeleza watu hao ni nani, kwa nini kuwatukana kunaweza kuleta hatari mpaka kwetu, na namna ya kuwaomba msaada ili wakujibu.

Programu huru ni nini?

Programu, ao lojisieli kama wengi wanavyosema hapa, ni maandishi yenye kuambia mashini ifanye nini. Maandishi hayo yanaitwa kodi (si ile kodi ya nyumba wala ya serikali). Kampuni nyingi zinaficha kodi yao, kama mpishi mwenye kuficha namna anavyotia viungo. Programu huru ni kinyume: kodi iko wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuitumia, kuibadilisha na kuigawia wengine.

Kifaransa kinatusaidia kuelewa, kwa sababu kinatenganisha *libre* na *gratuit*. Programu huru ni *libre*. Mara nyingi ni *gratuit* pia, lakini uhuru ndio unaoipa jina.

Hii ni mifano ambayo wasikilizaji wengi wanaijua:

- Audacity, ya kukata na kuunganisha sauti. Ilianzishwa mwaka 1999 katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na Dominic Mazzoni pamoja na Roger Dannenberg.
- VLC, ya kuangalia video na kusikiliza muziki. Ilitokana na kazi ya wanafunzi wa École Centrale ya Paris, iliyoanza mwaka 1996.
- LibreOffice, ya kuandika barua na kupiga hesabu. Iko tangu 2010 na inasimamiwa na The Document Foundation, shirika lenye makao Ujerumani.
- Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Leo iko ndani ya kila telefone ya Android, hata ile ya bei ya chini kabisa.
- OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza mwaka 2004. Yenyewe ni ramani, si programu, lakini inajengwa kwa njia ile ile: watu wa kujitolea wanachora barabara, nyumba na mito, na kila mtu anaitumia bure. Lubumbashi ni kati ya miji iliyochorwa hivyo kwa ajili ya kazi za misaada, mwaka 2014.

Nani anafanya kazi hiyo?

Si wote wanaofanya bure. Linux ya leo inaandikwa kwa sehemu kubwa na watu wenye kulipwa na kampuni. Audacity nayo, tangu 2021, iko chini ya kampuni ya Muse Group, yenye wafanyakazi wake. Lakini chini ya programu hizo zenye jina kuna zingine nyingi ndogo ambazo hatuzioni. Programu moja inajengwa juu ya nyingine, kama vile nyumba inakaa juu ya mawe ya msingi. Na mengi ya mawe hayo yanashikwa na mtu mmoja ao wawili, wanaofanya usiku kisha kazi yao ya kutafuta chakula, ao siku ya yenga watoto wakiwa wamelala.

Mtu mwenye kubeba mzigo huo tunamwita mtunzaji. Anasoma malalamiko, anatafuta kosa, anapima kama marekebisho ya wengine ni mazuri, anatoa toleo jipya. Mara nyingi hakuna mshahara, hakuna konje, hakuna mtu wa kumpokea akigonjwa.

Karibu kila programu huru ina karatasi ya ruhusa yenye kusema jambo moja: chombo hiki kinatolewa vile kilivyo, bila garanti. Ni sawa na jirani aliyechimba kisima kwake na kuacha mlango wazi. Ukikuta kamba imekatika, ni vizuri umwambie. Ukileta kamba nyingine, ni vizuri zaidi. Lakini huwezi kusimama mlangoni kumpigia kelele kama vile ulimlipa.

Wakati maneno makali yalikaribia kuleta msiba

Kuna wenye kufikiri kwamba heshima ni jambo la adabu tu. Habari ya programu inayoitwa XZ Utils inaonyesha kwamba ni jambo la usalama pia.

XZ Utils inapunguza ukubwa wa mafaili ili yasichukue nafasi kubwa. Iko ndani ya karibu mifumo yote ya Linux. Kwa zaidi ya miaka kumi ilitunzwa karibu na mtu mmoja tu, Lasse Collin wa Finland, bila malipo.

Mwaka 2021 mtu mwenye kujiita Jia Tan alianza kutuma marekebisho madogo. Yalikuwa mazuri, na mwenyewe alikuwa mpole. Mwaka uliofuata majina mengine yasiyojulikana yakaanza kumlalamikia Collin mbele ya wote: unakawia sana, kazi inakufa mikononi mwako, mpe mtu mwingine. Collin aliwajibu kwamba hajaacha kuipenda kazi hiyo, lakini nguvu zake ni chache kwa sababu ya shida za afya ya akili za muda mrefu. Akawakumbusha pia kwamba ni kazi ya kujitolea, haimletei pesa. Hawakumhurumia. Waliendelea kumsukuma.

Pole pole Jia Tan akapewa mamlaka. Mwezi wa pili 2024, toleo 5.6.0 likatoka likiwa na mlango wa siri ndani yake. Mwenye kushika ufunguo wa mlango huo angeweza kuingia kwa mbali ndani ya mashini za watu wengine na kufanya anachotaka. Toleo 5.6.1 likafuata mwezi wa tatu, na mlango ule ule.

Aliyeuvumbua ni Andres Freund, mfanyakazi wa Microsoft mwenye kusaidia pia programu huru ya PostgreSQL. Aliona kwamba kuingia ndani ya mashini kwa mbali kulikuwa kunachelewa karibu nusu sekunde kuliko kawaida. Wengi wangeacha. Yeye alichunguza mpaka akafika kwenye mzizi, na tarehe 29 mwezi wa tatu 2024 akatangazia ulimwengu. Hatari hiyo ilipewa alama 10 juu ya 10. Kwa bahati nzuri, matoleo hayo mawili yalikuwa hayajaenea kwenye mifumo mingi yenye kutumiwa kazini.

Wachunguzi wengi wanaona kwamba yale majina ya malalamiko yalikuwa sehemu ya mpango mmoja na Jia Tan: wengine wa kumchokesha mtunzaji, mwingine wa kuja kama mwokozi. Jambo la kufikiria ni hili: kwa nini hakuna aliyeshtuka? Ni kwa sababu malalamiko yale ya uongo yalifanana kabisa na malalamiko ya kweli ambayo watunzaji wanapokea kila siku. Mahali ambapo kumsukuma mtu wa kujitolea ni desturi, mwizi anaweza kujificha katikati ya wenye kulalamika bila kuonekana.

Na hilo linatugusa sisi. Seva nyingi za ulimwengu, zile zenye kubeba barua, habari na pesa za watu, zinatembea na Linux. Mlango wa siri wa namna hiyo haungeulizia kama mtu anakaa Helsinki ao Butembo.

XZ haikuwa ya kwanza kuonyesha udhaifu huo. Mwaka 2014 kosa lililoitwa Heartbleed lilionekana ndani ya OpenSSL, programu yenye kulinda siri za watu kwenye intaneti. Hapo ulimwengu ukajua kwamba chombo kilichotumiwa na kampuni tajiri kabisa kilikuwa na mtu mmoja tu wa kukifanyia kazi siku zote, na kwamba zawadi za pesa walizopata zilikuwa karibu dola 2000 kwa mwaka. Kosa lile halikutokana na ubaya wa mtu, ila mikono ilikuwa michache.

Namna ya kuuliza ili upate jibu

Mtunzaji mwenye saa moja usiku atachagua ujumbe anaoweza kuujibu. Hii ni njia yenye kusaidia:

1. Tafuta kwanza. Chukua maneno ya kosa vile yalivyo kwenye ekra na uyatafute kwenye intaneti. Mara nyingi mtu mwingine amekwisha kuuliza na kujibiwa.
2. Angalia toleo. Kama programu yako ni ya zamani, jaribu toleo jipya kama megas zinatosha. Kosa linaweza kuwa limeisha kurekebishwa.
3. Uliza mahali pa kuuliza. Kila programu ina pahali pake pa maulizo na pahali pa kutangaza makosa. Usimfuate mtu kwenye namba yake ao ukurasa wake wa familia.
4. Eleza mambo matatu: ulitaka kufanya nini, ulifanya nini hatua kwa hatua, na uliona nini. Ongeza jina la programu, toleo lake na aina ya mashini.
5. Sema lengo lako. Mtu anaweza kuuliza namna ya kurekebisha kitufe, kumbe lengo lake ni kupata sauti safi, na kuna njia nyepesi zaidi. Ukitaja lengo, watakuonyesha njia hiyo.
6. Jambo moja, ujumbe mmoja. Ukichanganya shida tano, hakuna itakayotatuliwa.
7. Ngoja. Juma moja si kitu kirefu. Kisha hapo unaweza kukumbusha mara moja, kwa upole.
8. Rudia kusema imekuwaje. Kama jibu limefaa, sema. Kama umejitafutia suluhisho mwenyewe, liandike. Mwingine mwenye shida hiyo atalikuta.

Angalia tofauti kati ya ujumbe hizi mbili. Ni mifano tuliyoitunga.

Wa kwanza: *«Programu yenu ni mbovu!!! Imeharibu emisyo yangu. Rekebisheni leo leo, watu wanangoja.»*

Wa pili: *«Jambo kwenu. Natumia programu yenu katika radio ya kijiji, kwenye Windows 10. Nikirekodi zaidi ya dakika 20, sauti inakatika na ninaona maneno haya ya kosa (nimeyaandika hapa chini). Nimejaribu mashini mbili, ni vile vile. Lengo langu ni kurekodi mkutano wa saa moja. Nifanye nini? Asante kwa kazi yenu.»*

Wa kwanza hauna kitu ambacho mtu anaweza kushika. Hata mtunzaji mwenye moyo mwema hajui aanzie wapi. Wa pili unaweza kupata jibu kwa dakika tano.

Kuna tofauti moja kubwa. Ukivumbua kosa la usalama, ni kusema mlango ambao mwizi anaweza kupitia, usilitangaze mbele ya watu. Programu nyingi zina anwani ya pekee kwa habari hizo. Andika huko, uwape muda wa kufunga mlango kabla ya wengine kujua.

Salamu, majina na luga

Hapa desturi yetu inakutana na desturi nyingine, na wengi wanakwazika bila sababu.

Kwetu mtu haanzi na shida. Anasalimia kwanza, anaulizia watoto, anangoja aitikiwe. Katika makundi haya, ukiandika «Jambo» peke yake na kungoja, hakuna atakayejibu, na si kwa dharau. Wanangoja swali lako. Salimia kwa mstari mmoja, kisha toa jambo lote katika ujumbe ule ule. Hiyo inakuokolea megas pia.

Juu ya majina, kwetu kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu ni kumvunjia heshima. Huko ni kawaida, hata kwa mtu wa miaka 60. Hakuna haja ya «mheshimiwa» wala «mukubwa». Na kama kijana wa miaka 19 akikuita kwa jina bila «papa» ao «mama», usione kama amekutukana.

Majibu nayo yanaweza kuwa mafupi sana: «Soma ukurasa huu», kisha basi. Kwa sikio letu ni kama kufukuzwa. Mara nyingi ni mtu mwenye haraka aliyekuonyesha njia. Fungua ukurasa huo kwanza kabla ya kukasirika.

Kiingereza ndicho kinatumiwa zaidi, lakini kuna programu kubwa zenye makundi ya Kifaransa, LibreOffice ikiwa moja yao. Kama unatafsiri kwa mashini, sema hivyo mwanzoni, watu watakuvumilia. Na kumbuka kwamba maandishi hayo yanabaki hadharani miaka mingi. Usitie humo neno la siri, namba ya kutumiana pesa wala picha ya karta yako ya uchaguzi.

Mambo yenye kuchokesha watunzaji

Daniel Stenberg wa Sweden anaongoza curl, programu ya kusafirisha habari kati ya mashini, tangu 1998. Kwa miaka mingi aliifanya wakati wake wa mapumziko. Curl imeingia mpaka ndani ya magari, na jina lake linaonekana kwenye ekra ya gari, pale panapoandikwa ruhusa za programu. Amesimulia kwamba kuna watu waliomwandikia kumuuliza namna ya kutengeneza gari lao! Hilo linachekesha. Lakini mwaka 2021 alipokea pia ujumbe wa kumtishia kifo, na hilo halichekeshi.

Mwanzoni mwa 2024 Stenberg alilalamika wazi juu ya jambo jipya: ripoti za makosa zilizoandikwa na akili bandia. Zinaonekana nzuri, ndefu, zenye maneno ya kitaalamu, lakini kosa lenyewe halipo. Mtunzaji anapoteza saa nyingi kutafuta kitu kisichokuwako. Kijana mwenye kutumia akili bandia aipime kwanza kwenye mashini yake. Asitume kitu ambacho mwenyewe hakielewi.

Jambo lingine ni kutafuta faida ya haraka. Mwaka 2020, katika kampeni ya kila mwaka inayoitwa Hacktoberfest, watu waliahidiwa tisheti kama wangetuma marekebisho manne. Wengi walituma mabadiliko yasiyo na maana, kama kuongeza neno moja tu, na watunzaji wakafunikwa. Kisha siku chache wenye kuandaa walibadilisha kanuni: programu zitakazohesabiwa ni zile tu zilizokubali kushiriki.

Epuka pia haya: kuuliza swali moja mahali pengi kwa mara moja, kuandika «mimi pia» bila kuongeza habari mpya, kutisha kwamba utahamia programu nyingine, kuomba kazi, viza ao pesa mahali pa kurekebisha makosa.

Na wao wanatudai heshima tu, ao wanatoa pia?

Heshima haiendi upande mmoja. Kwa miaka mingi, wakubwa wa programu huru walijulikana kwa ukali. Linus Torvalds mwenyewe alikuwa anaandikia watu maneno mazito sana wakikosea. Mwezi wa tisa 2018 aliomba radhi mbele ya wote, akachukua mapumziko ili ajifunze namna ya kuishi vizuri zaidi na wengine. Wakati huo huo kundi la Linux likapokea kanuni mpya za mwenendo.

Programu nyingi leo zina kanuni kama hizo: hakuna kutukana, hakuna kubagua mtu kwa sababu ya kabila, rangi, dini ao jinsia yake, na kuna watu wa kupokea mashtaka. Kama umetukanwa kwa sababu ya mahali unapotoka, si lazima unyamaze wala urudishe matusi. Tafuta kanuni hizo, andika kwa wenye kuzisimamia, uonyeshe maneno yenyewe.

Mtunzaji ana haki pia ya kusema hapana. Akikataa wazo lako, hajakukataa wewe. Na kwa kuwa kodi iko wazi, wewe ao fundi wako mnaweza kuichukua na kuibadilisha kwa matumizi yenu. Ndiyo maana ya neno huru.

Kurudisha mkono

Wengi kwetu hawana karta ya benki ya kutuma dola tano. Si neno. Kuna njia zingine, na watunzaji wengi wanazipenda kuliko pesa.

Unaweza kutafsiri. Programu nyingi hazina Kiswahili kamili, na hakuna shahada inayoombwa ili kusaidia. Unaweza kuandika maelezo mepesi kwa wenye kuanza, ao kujibu maulizo ya wengine kwa jambo unalolijua. Unaweza kuchora mtaa wako kwenye OpenStreetMap, kwa kuwa wewe ndiye unayejua jina la kweli la barabara na mahali dispanseri ilipo. Unaweza kutangaza kosa kwa usahihi, kama tulivyoeleza hapo juu.

Na unaweza kushukuru. Watunzaji wanapokea malalamiko kila siku, lakini wale ambao chombo kinawatembelea vizuri mara nyingi hawaandiki kitu. Mistari mitatu inatosha: unaitwa nani, unatumia programu hiyo kwa kazi gani, uko wapi. Mtu aliyeandika kodi usiku katika muji wa baridi hawezi kujua kwamba kazi yake inasikika Kivu kila asubuhi, kama hakuna aliyemwambia.